Unalala Addis Ababa Ukiwa Peke Yako? Tenga Pesa ya Kurudi Kwanza

Wacha tuseme unasafiri ng'ambo kupitia Addis Ababa. Unatua uwanja wa Bole saa nne usiku, na ndege ya pili inaondoka kesho yake saa kumi na moja jioni. Uko peke yako. Utatoka uone mji, ama utakaa kwenye kiti ukilinda begi?

Wengi watakushauri usitoke. Sisi tunasema toka, mradi hali ya mji iwe tulivu siku hiyo. Mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza kuingia Ethiopia, na Bole haiko mbali na katikati ya mji. Kwa maoni yetu, hatari kubwa ya msafiri wa peke yake ni kukwama akiwa na pesa ambazo hawezi kuzifikia. Ukiwa na mwenzako, simu yako ikizima yake itawaokoa. Ukiwa peke yako, ikizima ndiyo basi.

Hesabu masaa kwanza

Tiketi inakuonyesha masaa 19, lakini usidanganyike. Toa muda wa foleni ya uhamiaji na kufika hotelini. Toa usingizi. Usiku ni wa kulala, si wa kuzunguka mji usioujua. Kisha anza kuhesabu kutoka mwisho: ndege ni saa kumi na moja, uwe uwanjani saa nane mchana, kwa hivyo uondoke mjini saa saba. Ukianza matembezi saa tatu asubuhi, una masaa manne tu.

Masaa manne yanatosha ukichagua upande mmoja wa mji. Karibu na Arat Kilo kuna Makumbusho ya Taifa, ambako utajifunza habari za Lucy, mifupa ya kale iliyopatikana Hadar mwaka wa 1974. Waethiopia humwita Dinkinesh. Si mbali na hapo kuna Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, alikozikwa Mfalme Haile Selassie. Malizia na kikombe cha kahawa, halafu rudi. Beba sweta pia, kwa sababu Addis iko juu zaidi ya mita 2,300 na baridi yake si mchezo.

Kuhusu saa, kuna jambo litakalokufurahisha. Waethiopia huhesabu saa kama sisi kwa Kiswahili, kuanzia alfajiri, na saa zao na zetu zinalingana. Shida ni kwamba tiketi inafuata saa za kizungu. Dereva akikutajia saba kwa Kiingereza, muulize ni saba ya tiketi ama ni saba ya mchana. Mwonyeshe kwenye simu mkubaliane. Kuna watu wanaweza kuachwa na ndege kwa kosa dogo kama hilo.

Pesa ya kurudi haiguswi

Sisi ni kampuni ya malipo kwa simu, na bado tunakwambia ubebe noti. Pesa zako za simu ni shilingi, na dereva wa Addis anataka birr. Badilisha kiasi kidogo kwenye kaunta ya benki hapo uwanjani, usibadilishe na mtu wa barabarani. Uliza hotelini nauli ya kurudi Bole ni kama ngapi, uongeze kidogo, kisha uitenge mfuko wa peke yake. Hiyo si ya kahawa wala ya zawadi. Kadi yako nayo ikae mahali tofauti na simu, ili ukipoteza kimoja ubaki na kingine.

Kabla ya kulipia hoteli, uliza shirika lako la ndege kama linatoa chumba kwa abiria anayesubiri usiku mzima. Mengine hutoa, na usipouliza unaweza kulipa bure.

Laini ya Kenya ibaki hewani

Hapa ndipo wengi hukosea. Unafika, unanunua laini ya huko, unatoa ya Kenya na kuitia kwenye pochi. Baadaye unalipa kwa kadi, benki inatuma nambari ya uthibitisho kwa SMS, na laini inayopokea SMS hiyo iko pochini. Malipo yanakataa, na dereva anakungoja.

Washa roming kabla hujaondoka Kenya, na acha laini yako ndani ya simu. Beba pawabenki iliyojaa. PIN yako iwe kichwani, isiandikwe nyuma ya kadi wala kwenye simu. Mtu akijitolea kukusaidia kulipa, mshukuru, lakini simu isitoke mkononi mwako.

Nyumbani wajue mpango

Matapeli wanapenda sana wakati ambao simu yako imezimwa ndegeni. Mama anapata ujumbe kwa nambari ngeni: "Nimekwama uwanja wa ndege, tuma pesa haraka." Mzazi gani hatashtuka? Atatuma kabla hajafikiri.

Kwa hivyo kaa naye chini kabla ya safari. Mwachie ratiba: unatua saa ngapi, hoteli gani, unaondoka lini. Mkubaliane swali moja ambalo jibu lake mnalijua nyinyi tu. Anayeomba pesa na hajui jibu, hapati hata shilingi. Na kabla ya kutuma pesa kwa yeyote, asome jina linaloonekana kwenye simu. Kama si lako, asiweke PIN.

Ukishafanya haya, toka uone mji. Ila kama hujatenga pesa ya kurudi, tunakusihi ukae ndani ya uwanja. Makumbusho yatakungoja safari nyingine, lakini ndege haikungoji.

Safari njema.