Lami katika msitu wa Mlima Kenya iwe na masharti

MJADALA kuhusu kuweka lami barabara zinazopenya msitu wa Mlima Kenya huendeshwa kana kwamba wananchi hawana budi kuchagua moja: maendeleo au mazingira. Historia ya eneo la Embu na Meru inaonyesha kuwa hatima ya msitu hutegemea zaidi masharti yanayoandamana na barabara.

Chukua mfano wa barabara ya Chogoria, katika Kaunti ya Tharaka Nithi iliyo kati ya kaunti hizo mbili. Huacha mashamba ya kahawa na majani chai, ikakwea takriban kilomita 30 katikati ya miti ya kiasili na mianzi hadi lango la Mbuga ya Kitaifa, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi, mvua ilipozidi, ni magari yenye nguvu pekee yaliyofika huko, na wenyeji waliokuwa nayo walipata riziki kwa kuwabeba wapanda mlima.

Wanaotetea lami wana hoja nzito. Barabara ya udongo kwenye mteremko hukokotolewa na mvua, na tope lake huingia katika mito inayomwaga maji yake Tana. Isitoshe, ubovu wa barabara haujawahi kuwa mlinzi wa msitu. Utafiti wa angani wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) mwaka 1999 ulibaini kuwa mikafuri zaidi ya 6,700 ilikuwa imekatwa. Wakataji hawakuhitaji lami.

Hata hivyo, lami humrahisishia mwizi wa mbao kazi sawa na inavyomrahisishia mtalii. Aidha, huongeza kasi ya magari. Mnamo Julai 24, 2022, watu zaidi ya 30 walifariki basi lilipotumbukia kutoka daraja la Nithi, kwenye barabara kuu ya Embu–Meru ambayo ina lami. Mteremko na kona havisamehe kasi.

Kwa bahati nzuri, suluhisho halihitaji kutafutwa mbali. Chini ya barabara kuu ya Nanyuki–Meru kulijengwa njia ya ndovu, na tangu 2011 wanyama hao wamekuwa wakipita salama kati ya Mlima Kenya na nyanda za Lewa. Magari yanaendelea na safari juu, ndovu wanapita chini.

Kwa hivyo, kabla ya tingatinga kuingia msituni, mkataba wa ujenzi unapaswa kutaja wazi upana usiozidi wa njia iliyopo, mitaro na makalvati ya kutosha, matuta, vizuizi vya kukagua mizigo na kufungwa kwa barabara usiku. Tathmini ya athari kwa mazingira, inayotakiwa na sheria ya mazingira ya 1999, ndiyo nafasi ya kuyadai hayo.

Wenyeji nao wana la kuuliza. Gari dogo la kutoka Nairobi likiweza kufika langoni moja kwa moja, mgeni atakuwa na sababu gani ya kusimama Chogoria? Nafasi za waelekezi, wapagazi na wenye magari zisipolindwa mapema, mji huo utabaki kutazama utajiri ukipita. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.