Kicheko cha Wenye Shaka

Pana watu wasemao kwamba mwenye shaka achekaye kanisani ni mnafiki, na ya kuwa mtu wa namna hiyo hana ila njia mbili: aamini akae, au asiamini atoke. Neno hili husemwa na pande mbili zisizopatana katika jambo jingine lo lote. Husemwa na wakuu wa dini wapendao safu iliyonyoka. Husemwa pia na walioiacha dini, ambao huwadharau waliobaki kama watumwa wapendao minyororo yao. Pande zote mbili zimekosea, na kosa lao laonekana wazi katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake wanajulikana ulimwenguni kwa jina la Wamormoni, na ambalo Kitabu chake cha Mormoni husomwa hata kwa Kiswahili.

Kanisa hili lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830, na tangu wafuasi wake walipohamia bonde la Salt Lake mwaka 1847, ngome yake imekuwa Utah. Kwa desturi, Jumapili ya kwanza ya mwezi watu hufunga, na mimbari huachwa wazi kwa ye yote apendaye kutoa ushuhuda. Mmoja baada ya mmoja husimama, wazee kwa watoto, kusema kuwa anajua kanisa hili ni la kweli. Kitenzi ni hicho: kujua. Asemaye anaamini tu huonekana amepungukiwa. Asemaye anatumaini huonewa huruma. Asemaye anashuku ni nadra kusikiwa hapo. Huu ndio mzizi wa jambo. Kujua si kuamini, wala kuamini si kutumaini, na lugha ya watu wazima haivichanganyi vitenzi hivi. Mtu aliyebakishiwa kitenzi kimoja tu, tena kisichomfaa, hana budi kutafuta namna nyingine ya kusema kweli. Iliyo karibu ni mzaha.

Basi hucheka. Hucheka juu ya ibada ndefu, ambayo hadi mwisho wa mwaka 2018 ilichukua saa tatu kila Jumapili. Ilipopunguzwa kuwa saa mbili Januari 2019, hapana shaka kwamba agizo hilo lilipokewa hata na wasiopokea mengine. Hucheka pia juu ya nafsi zao. Pana mzaha wa kale usemao kwamba ukienda kuvua samaki na Mmormoni, uwachukue wawili, kwa sababu ukimchukua mmoja atakunywa pombe yako yote. Mzaha huu husimuliwa juu ya madhehebu mengine pia, lakini Utah una makali ya peke yake, maana huko waumini hukatazwa pombe, tumbaku, kahawa na chai, kwa fundisho la mwaka 1833. Maneno yake ni machache, lakini yasema jambo ambalo shuhuda mia hazilisemi: kwamba sehemu ya ucha Mungu ni kuogopa jicho la jirani.

Wakuu hujibu kwamba kicheko kingi ni dhambi, na kweli ufunuo wao wa mwaka 1831 wakionya. Lakini kanisa hilo hilo lilimweka J. Golden Kimball katika baraza la viongozi wake tangu mwaka 1892 hadi alipokufa mwaka 1938. Mtu huyu aliendesha nyumbu ujanani, na maneno ya waendesha nyumbu hayakumtoka kinywani. Aliapiza mimbarini, akachekesha, na watu wakampenda. Mwaka 1978 Calvin Grondahl, mchora katuni wa Deseret News, gazeti la kanisa lenyewe, alitoa kitabu kizima cha kuwachekesha Wamormoni juu ya mambo yao. Kicheko, basi, si mgeni aliyeingia kwa dirisha. Ni mwana wa nyumba hiyo.

Walioondoka nao huuliza: kama wana shaka, mbona hawasemi waziwazi? Swali hili ni rahisi kwa asiyelipa gharama yake. Mmormoni hawezi kuingia hekaluni bila cheti, na cheti hupatikana kwa kuhojiwa na askofu, tena na kiongozi aliye juu yake, kila baada ya miaka miwili. Mzazi asiye na cheti huketi nje mwanawe anapofungishwa ndoa hekaluni. Aliyeajiriwa na kanisa aweza kupoteza kazi. Septemba 1993 wasomi na waandishi sita waliadhibiwa. Watano wakatengwa kabisa. Mmoja wao, mwanahistoria D. Michael Quinn, alikuwa ameeleza katika jarida la Dialogue mwaka 1985 kwamba ndoa za wake wengi ziliendelea kufungwa baada ya tangazo la mwaka 1890 la kuziacha. Mwaka 2014 kanisa lenyewe lilichapa makala ya kukiri kwamba ndivyo ilivyokuwa. Quinn alikufa mwaka 2021 akiwa angali nje. Mwenzake, Lavina Fielding Anderson, alitengwa kisha akaendelea kuhudhuria ibada miaka thelathini. Mwaka 2019 aliomba kubatizwa upya, akakataliwa, na akaendelea kuhudhuria hadi alipokufa mwaka 2023. Nani atathubutu kusema kwamba mwanamke huyu hakuwa na imani, au kwamba hakuwa na ujasiri?

Hata hivyo kicheko kisisifiwe kupita kiasi. Chaweza kuwa mto wa kulalia. Mtu acheka na jirani yake, moyo wapata nafuu, na Jumapili ijayo akaa pale pale, na lililomchoma halijaguswa. Mficha maradhi kilio humfichua. Kicheko ni kilio kilichovaa nguo za sikukuu. Tabibu mwenye akili hamwadhibu mgonjwa kwa kulia, wala hamsifu kwa kulia vizuri. Hutafuta donda.

Donda lenyewe ni ule ushuhuda wa kitenzi kimoja. Kanisa lililoweza kupunguza saa ya ibada, na kukiri mwaka 2014 yale ambayo watu wake waliyasema mapema wakaumia, haliwezi kudai kwamba halina uwezo wa kumwachia mtu neno "natumaini" mimbarini na mbele ya askofu pia. Na ikiwa halitaki, lisimwite mnafiki achekaye katika viti vya nyuma. Unafiki ni kusema usilolijua kana kwamba walijua. Yeye alikataa kusema hivyo, alicheka tu.