Kumpa fundi ruhusa zote si ufumbuzi

Kompyuta 10 za kwanza hukubali bila kelele. Ya 11 hugoma. Fundi anaipitia upya fomu ya kuundia mashine, anakagua nywila, anaifuta mashine na kuiunda tena, lakini jibu ni lile lile: haiwezi kuunganishwa na domeni ya ofisi. Hakuna kilichoharibika. Tangu enzi za Windows 2000, Active Directory, yaani daftari la akaunti na mashine linalotumiwa na ofisi nyingi, humruhusu mtumiaji wa kawaida kuingiza kompyuta 10 tu, isipokuwa msimamizi awe amebadilisha kiwango hicho. Ofisi ya watumishi 40 inayotaka kuhamia kwenye kompyuta pepe, yaani zinazoendeshwa kwenye wingu, itagonga ukuta huo asubuhi ya siku ya kwanza.

Kinachofuata ndicho kinachohitaji kujadiliwa. Meneja ameshapiga simu kuuliza kulikoni. Fundi anaiondoa kwenye fomu akaunti ya kawaida aliyokuwa akiitumia na kuweka ya msimamizi mkuu wa domeni, mwenye uwezo wa kufanya lolote kwenye kila seva ya ofisi. Mashine 30 zilizosalia zinapita na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha. Wakati huo huo, nywila nzito kuliko zote za ofisi imeshaingia kwenye fomu ya kuundia mashine, na pengine imenakiliwa kwenye faili ya maelekezo ili itumike tena mwezi ujao. Kwa nini mashine ya 11 ilikataa, hakuna aliyeuliza. Na dawa yake ilikuwa ndogo: akaunti maalumu ya kuunganisha mashine, iliyopewa haki ya kusajili kompyuta katika sehemu moja tu ya daftari hilo. Kwa anayejua, ni kazi ya dakika chache.

Kompyuta pepe si jambo geni tena. Amazon ilianza kuuza WorkSpaces mwaka 2014. Microsoft ilifuata Septemba 2019 na huduma ambayo leo inaitwa Azure Virtual Desktop, na Agosti 2021 ikaongeza Windows 365. Vituo vya data vya Johannesburg, vilivyofunguliwa na Microsoft mwaka 2019, na vya Cape Town, vilivyofunguliwa na Amazon mwaka 2020, vimelisogeza wingu karibu zaidi na Afrika Mashariki. Mtumishi anaweza kuwa Mwanza, Kisumu au nyumbani kwake Kimara, na skrini anayoiona ikawa inatoka kwenye mashine iliyo maelfu ya kilomita kutoka alipo. Laptopu ikiibwa kwenye daladala, faili za wateja hazimo ndani yake. Kwa SACCOS, hospitali au kampuni ya bima, hiyo ni faida kubwa.

Faida hiyo hubaki pale tu inapojulikana nani ameruhusiwa nini. Kama kila fundi, mkandarasi na programu ina ruhusa ya kila kitu, mwizi hana haja ya kuhangaika na laptopu.

Ujumbe wa kukataliwa wa Azure, wingu la Microsoft, hutisha kwa urefu wake. Huanza na neno AuthorizationFailed, kisha hutiririka mistari kadhaa ya herufi na tarakimu. Wengi hunakili maneno ya mwanzo tu, wakayatafuta Google, na kushika ushauri wa kwanza wanaokutana nao. Ukisomwa kwa utulivu, ujumbe huo unataja mambo matatu: akaunti iliyoomba, kitendo ilichotaka kufanya, na mahali ilipotaka kukifanyia. Kitendo huandikwa kwa mtindo kama Microsoft.Compute/virtualMachines/write, yaani kuunda au kubadilisha mashine pepe. Mahali huandikwa kama njia ya folda: kwanza usajili wa kampuni kwenye Azure, kisha kundi la rasilimali, mwisho kitu chenyewe. Fundi amekwisha kuambiwa ni ruhusa gani inayokosekana, inakosekana kwa nani, na wapi. Kilichobaki ni kutoa hiyo tu, hapo tu.

Mara nyingi jambo la kwanza kati ya hayo matatu ndilo linalofumbua fumbo. Akaunti iliyokataliwa huenda isiwe ya fundi wala ya mtumishi yeyote, bali ya huduma yenyewe. Ofisi inayobana matumizi huzima kompyuta pepe usiku na kutaka ziwake zenyewe mtumishi anapoingia asubuhi. Anayewasha ni huduma ya Azure Virtual Desktop kwa utambulisho wake, na isipopewa jukumu la kuwasha mashine katika usajili wa kampuni, watumishi watakaa mbele ya skrini wakisubiri mashine isiyoamka. Hapo fundi akijiongezea ruhusa mwenyewe hata ashibe, hatakuwa amesaidia chochote, kwa sababu si yeye aliyekataliwa.

Kwa upande wa Amazon, baadhi ya jumbe za kukataliwa huja zikiwa zimefumbwa, mfululizo mrefu wa herufi usio na maana kwa macho. Ipo amri ya kuufumbua, na amri hiyo nayo ina ruhusa yake. Ndani ya ujumbe uliofumbuliwa hubainika kama ombi lilikosa kibali tu au lilikutana na katazo la wazi. Tofauti hiyo ni ya msingi, maana katika mfumo wa Amazon katazo la wazi hushinda vibali vyote. Kuongeza vibali juu ya katazo ni kupoteza mchana mzima.

Kuna pia suala la subira, na hapa ndipo imani potofu nyingi huzaliwa. Ruhusa mpya kwenye Azure inaweza kuchukua hadi dakika 10 kabla ya kufanya kazi. Fundi anatoa ruhusa sahihi, anajaribu papo hapo, anakataliwa. Anadhani amekosea, anatoa kubwa zaidi, na kabla hajamaliza kujaribu tena, ile ya kwanza imeshaanza kufanya kazi. Mlango unafunguka. Anaondoka akiamini kuwa ile kubwa ndiyo iliyotibu, na kuanzia siku hiyo kila mradi ataanza nayo.

Aliyewahi kutoa gari bandarini Mombasa au Dar es Salaam hatashangaa kusikia kwamba ruhusa moja haitoshi. Hati ya wakala wa meli haimalizi mambo ya forodha, kibali cha forodha hakilipi gharama za bandari, na risiti ya bandari peke yake haifungui geti. Kompyuta pepe zina mpangilio wa namna hiyo. Jukumu linaloitwa Desktop Virtualization User humwezesha mtumishi kuiona kompyuta yake kwenye orodha na kuibonyeza. Lakini kama mashine hizo zimeunganishwa na Entra ID, daftari la akaunti la Microsoft lililo kwenye wingu, kunahitajika jukumu la pili la kuingia kwenye mashine yenyewe. Asiyekuwa nalo ataona alama ya kompyuta, ataibonyeza, ataweka nywila sahihi, kisha ataambiwa kuwa akaunti yake hairuhusiwi kutumia kifaa hicho. Atapiga simu kusema nywila imekataa. Dawati la msaada litambadilishia nywila. Atakataliwa tena.

Tabaka la tatu ndilo linaloumiza watu zaidi, kwa kuwa halionyeshi hata kosa la wazi. Ofisi nyingi huhifadhi mazingira ya kila mtumishi, yaani mipangilio yake, alama zake za kurasa, hati alizoacha mezani pa skrini, katika hifadhi ya pamoja kwa kutumia FSLogix, programu ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2018. Hifadhi hiyo ina ruhusa za aina mbili: za kuufikia mlango wa hifadhi kupitia Azure, na za folda zenyewe kwa utaratibu wa Windows. Moja ikikosekana, mtumishi anaweza kuingia vizuri tu, ila akapewa mazingira ya muda, matupu kabisa. Mhasibu anafungua kompyuta yake tarehe 28, siku za kufunga hesabu za mwezi, na haoni chochote alichokiacha jana. Anaamini kazi yake imepotea. Haijapotea, iko mahali pake, nyuma ya ruhusa ambayo hakuna aliyekumbuka kuiweka. Akiendelea kufanya kazi katika mazingira yale ya muda, kazi ya siku hiyo ndiyo itakayofutika.

Fundi mwenyewe ana kikwazo chake. Jukumu la Contributor kwenye Azure humruhusu kuunda karibu kila kitu: mashine, mitandao, hifadhi. Halimruhusu kumpa mtu mwingine ruhusa. Kwa hiyo ujenzi huenda vizuri hadi nusu ya safari, kisha hukwama unapofika kwenye kugawa majukumu. Mgawanyo huo umewekwa kwa makusudi, ili anayejenga asiwe ndiye anayejigawia mamlaka. Ofisi nyingi hulichukulia hilo kama usumbufu. Humpa fundi au mkandarasi jukumu la Owner, lenye uwezo wote pamoja na wa kugawa majukumu, juu ya usajili mzima, na mradi ukiisha hakuna anayelirudisha.

Hatari yake si ya kufikirika. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani ilitangaza kuwa taarifa za watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada zilikuwa zimechukuliwa. Aliyefanya hivyo alipita kwenye programu ya ukuta wa ulinzi iliyosanidiwa vibaya katika wingu la Amazon, akapata utambulisho wa jukumu lililofungwa kwenye mashine iliyoendesha programu hiyo. Jukumu hilo lilikuwa na uwezo wa kuorodhesha na kusoma hifadhi za faili zenye maombi ya wateja. Ukuta wa ulinzi hauhitaji kusoma maombi ya kadi za mkopo ili ufanye kazi yake. Kosa la usanidi ndilo lililofungua mlango, lakini ruhusa zilizozidi ndizo zilizoamua ukubwa wa hasara. Agosti 2020 mamlaka ya Marekani inayosimamia benki iliitoza Capital One faini ya dola milioni 80.

Ushauri wa kuzuia mambo kama hayo una takriban miaka hamsini. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika mwaka 1975 kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe ruhusa zile tu zinazohitajika kuikamilisha kazi yake. Hakuna mtaalamu wa usalama anayelipinga hilo darasani. Hupingwa Jumatatu asubuhi, watu 40 wanaposubiri kompyuta.

Na njia za mkato huzibwa. Oktoba 2022 Microsoft ilikaza utaratibu wa kuunganisha mashine na domeni: akaunti iliyoomba haikuruhusiwa tena kutumia jina la kompyuta lililosajiliwa na akaunti nyingine ya kawaida. Ofisi zilizozoea kufuta kompyuta pepe na kuziunda upya kwa majina yale yale zilijikuta zikikataliwa. Wengine waliurudisha utaratibu wa zamani kwa kubadilisha sehemu ya usajili wa ndani wa Windows, na baadaye Microsoft ikauondoa mwanya huo. Waliokuwa na akaunti moja maalumu kwa kazi hiyo hawakusumbuka sana.

Wapo watakaosema kuwa haya ni anasa ya makampuni makubwa, na hoja yao ina uzito. Ofisi yenye fundi mmoja, anayebadilisha wino wa printa asubuhi na kuunda mashine za wingu mchana, haina muda wa kuchambua kila kitendo kilichokataliwa. Lakini ndiyo maana lawama isimwangukie yeye. Anayepanga siku ya uhamisho bila kumweka karibu mtu mwenye mamlaka ya kugawa majukumu, ndiye aliyeitengeneza dharura. Mkurugenzi anayesaini mkataba na mkandarasi bila kuandika ni lini ruhusa zake zitafutwa, ameacha mlango wazi kwa kalamu yake mwenyewe. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zinaitaka taasisi inayoshika taarifa za watu izilinde. Taasisi, si fundi wake.

Kinachotakiwa hakihitaji bajeti kubwa. Majukumu yatolewe kwa vikundi, si kwa majina ya watu, ili anayehama idara avuliwe ruhusa zake kwa kutolewa kwenye kikundi kimoja. Pale ambapo fundi anahitaji uwezo mkubwa, apewe kwa saa chache kisha ukome wenyewe. Azure ina chombo cha kufanya hivyo kwa wanaolipia leseni yake. Kabla ya watumishi 40 kuhamishwa, ahamishwe mmoja mwenye akaunti ya kawaida kabisa, maana majaribio yanayofanywa kwa akaunti ya msimamizi hupita kila mlango na hayaonyeshi ni upi umefungwa.

Na kila ruhusa iliyotolewa siku ya uhamisho iandikwe: nani alipewa, juu ya nini, na itaondolewa lini. Azure huandika yenyewe kila badiliko la majukumu, ila kumbukumbu hizo huzitunza kwa siku 90 tu. Ofisi inayotaka kujua mwakani ni nani alimfanya mkandarasi kuwa Owner, na kwa idhini ya nani, inapaswa kuzihamishia kwenye hifadhi yake kabla ya muda huo kupita.