Hiyo "wastani wa Aprili" yako ni ya uongo

Jamani, leo niacheni nifoke kidogo.

Kila nikifungua msimbo wa mtu anayechora ramani za mvuke wa maji hewani kwa data ya MODIS (chombo kilicho kwenye setilaiti za Terra, iliyorushwa 1999, na Aqua, 2002), nakuta mstari ule ule: tupa pikseli zenye mawingu, piga wastani. Halafu ramani inabandikwa jina "wastani wa Aprili". Aprili gani? Aprili hapa Kenya ni masika! Huo ni wastani wa nyakati ambazo anga lilikuwa jeupe, basi.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Tuseme siku 4 za anga wazi zina milimita 25 na siku 6 za mawingu zina 40. Wastani wa kweli ni 34. Programu yako itakuambia 25, bila onyo lolote. Na usidhani data zaidi itakuokoa. Rundika miaka 20, utapata 25 ile ile na kuiamini zaidi.

"Basi nisiyatupe mawingu?" Hapo ndipo pabaya zaidi. Mchana MODIS hupima mwanga wa jua uliorudishwa na ardhi, ikiangalia ulivyofyonzwa na mvuke karibu na nanomita 940. Wingu likiziba, mwanga unarudi kutoka juu ya wingu, kwa hivyo unapimiwa mvuke ulio juu yake tu, ilhali mvuke mwingi uko kilomita chache za chini. Faili haikuambii "sijui". Inakupa namba safi, ndogo, na wewe unaichora.

Kuna na wale wa "tumia mikrowevu, inapenya mawingu". Kweli, baharini. Nchi kavu yenyewe inatoa mnururisho mwingi, unaobadilika na unyevu wa udongo, na ishara ya mvuke inamezwa humo. Watu wa Kitale, poleni.

Kinachoniudhi hasa ni ule utetezi wa "kosa ni asilimia 5 hadi 10 tu". Hiyo ni ya pikseli moja, anga wazi, si ya ramani yako ya mwezi!

Andika "wastani wa anga wazi". Weka kando yake ramani ya idadi ya siku zilizohesabiwa. Kisha linganisha na kipokezi cha GPS cha ardhini, ambacho hupima mvuke hata chini ya wingu: kila milimita 1 ya maji huchelewesha mawimbi kwa kiasi cha milimita 6.5 hivi. Ukikuta tofauti, ichapishe pia.