SANAMU YA MWENYE SURURU IKO WAPI?

Vijana wetu wa Kinampanda waliokwenda Dar es Salaam hivi karibuni wamerudi na habari nyingi, na picha nyingi zaidi. Karibu kila mmoja amepigwa picha mbele ya Sanamu ya Askari, pale katikati ya mji kwenye barabara ya Samora. Nasi tumekwisha simama pale. Ni kazi njema ya mikono, hilo hatulikatai. Iliundwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, ikazinduliwa mwaka 1927, na askari yule wa shaba bado ameinama mbele, singe yake ikielekea bandarini.

Kabla yake Wajerumani walikuwa wamemsimamisha mjini humo Gavana wao, Hermann von Wissmann, na chini yake askari wa Kiafrika. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakamng'oa. Bwana mkubwa huyo aliishia Hamburg, na huko wanafunzi wa Kijerumani wenyewe wakamwangusha mwaka 1968. Basi Gavana ameondoka na askari amebaki, na hayo ni maendeleo kiasi chake. Lakini twauliza, na mjenzi je? Maandishi yaliyo chini ya Askari yanawataja pia wapagazi, kwamba jeshi lilitembea kwa miguu yao na kushika kwa mikono yao. Wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu, wakapewa maneno. Shaba alipewa mwenye bunduki.

Ndugu wananchi, treni haipandi mlima kama mbuzi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza, kwa hiyo njia yake lazima ipande polepole mno, na kila penye bonde pajazwe, na kila penye kilima pakatwe. Injinia hupima kwa darubini yake na kupiga vigingi. Baada ya hapo ndipo huja watu wa sururu, makoleo na makarai. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, na anayesafiri kutoka Dodoma na atazame dirishani baina ya Saranda na Manyoni, pale inapoukwea ukuta wa Bonde la Ufa. Kila pipa la udongo pale lilibebwa na mtu, na wengi wao hawakuulizwa kama wanapenda.

Kazi ya injinia hatuidharau. Clement Gillman, aliyekuwa Injinia Mkuu wa Reli za Tanganyika, aliijua nchi hii kwa miguu yake kuliko watawala wengi walioijua kwa ramani, na shajara zake zimehifadhiwa Uingereza hata leo. Anastahili. Lakini shajara ya mchimbaji iko wapi? Yeye alikuwa namba katika kitabu cha mshahara, na kitabu chenyewe kimeliwa na mchwa.

Mtu aweza kusema hakuna nchi inayowakumbuka watu wa namna hii. Si kweli. Anayekwenda kumtazama Askari na aongeze nauli kidogo afike Gongo la Mboto, kwenye makaburi ya Wachina waliokufa wakijenga reli ya TAZARA. Makaburi yamepangwa safu kwa safu, yamefagiliwa, kila moja na jina lake, na wageni kutoka China hufika hapo kuweka maua. Reli ile ni kilometa 1,860. Mwaka 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia walisema haifai kujengwa. Kazi ilianza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli ikakabidhiwa kwa Tanzania na Zambia, ikiwa imepita milima ya baina ya Mlimba na Makambako kwa mahandaki na madaraja marefu. Wachina wanajua nani wa kwao alilala huku. Watanzania na Wazambia waliofia kazi hiyohiyo walizikwa vijijini kwao, na anayetaka kuwataja kwa majina itampasa azunguke nyumba kwa nyumba. Kosa hilo hatuwezi kumtupia mkoloni. Tulikuwa tumekwisha jitawala.

Sasa turudi kwetu. Wasomaji wengi vijana hawajui kwamba treni iliwahi kufika Kinyangiri. Mwaka 1934 ilifunguliwa reli kutoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri, kwa jasho la Wanyaturu, Wanyiramba na wenzao. Haikuwaletea watawala faida waliyoitaraji, na katika miaka ya 1940 wakaifunga na kuing'oa. Walichukua vyuma. Jasho halikuulizwa. Baadaye, nchi ikiwa huru, reli ilijengwa tena mpaka Singida mjini, lakini Kinyangiri haikufika tena.

Kwa hiyo twatoa shauri, na twalitoa wazi ili lipingwe na anayetaka kulipinga. Isimamishwe Kinyangiri sanamu ya mtu mwenye sururu. Isiwe ya shaba kutoka London. Tunao mafundi wa saruji na tunayo mawe ya Singida, mawe ambayo hakuna mtu atakayetuuzia. Wengine watasema kwanza maji na dawa, sanamu baadaye. Hoja hiyo ina nguvu, nasi hatutaomba hata senti moja ya kisima. Lakini majina hayawezi kungoja. Waliotandika mataruma yale wamekwisha kufa, na watoto wao ni wazee wenye fimbo. Wanachuo wa Chuo cha Ualimu Kinampanda wanajua kuandika na wanazo likizo. Waende Kinyangiri, waende vijiji vyote vilivyoguswa na njia ile, waulize.

Daftari limefunguliwa katika ofisi ya Chama. Mzee mmoja amekwisha kuja na jina la baba yake, akalitaja polepole herufi kwa herufi ili lisikosewe. Akataja na rafiki wa baba yake, aliyekuwa akibeba naye taruma moja, huyu mbele na yule nyuma. Jina la huyo hakulikumbuka, alikumbuka ukoo tu. Tumeuandika ukoo, na mbele yake tumeacha nafasi. Anayelijua na alete.