Kama Unapaka Ndege ya Vita, Paka Ile Iliyoruka Mbuyuni

Wasee, nitasema hii na mnikasirikie tu: nimechoka na Spitfire. Kila kijana akianza kutengeneza modeli za ndege anakimbilia Spitfire, akichoka anaingia F-16. Na uko Voi! Panda matatu ya Taveta, utapita Maktau, mahali Waingereza waliweka uwanja wa ndege 1915. Wanamaji wao walikuwa wanaruka na Caudron za Kifaransa kuwachungulia Wajerumani, ambao walishika Taveta tangu Agosti 1914. Mwaka uliofuata kikosi nambari 26 kikaja Mbuyuni, hapo mbele kidogo, na ndege zinaitwa BE2c. Hiyo ndiyo ndege yetu ya kupaka.

Airfix walitoa BE2c ya 1/72. Bawa ncha hadi ncha ni karibu sentimita 16, urefu wa biro tu. Ilikuwa ndege ya mbao na kitambaa, kwa hivyo rangi yake ni krimu. Sahau ile kijani ya jeshi. Na tafadhali usipake saa nane mchana. Joto la Voi linakausha akriliki kabla brashi ifike mwisho wa bawa, unabaki na mistari kama shamba limelimwa. Amka mapema, kabla upepo uamshe vumbi, upake tabaka tatu nyembamba.

Halafu, kabla ya stika, vanishi ya kung'aa. Hapa ndipo wengi wanaruka, eti inapoteza wakati. Rangi iliyofifia ina vinundu vidogo hata kama huvioni. Ukiweka stika juu yake hewa inabaki chini, na ikikauka unaona weupe kama fedha. Loweka stika kwenye maji ya uvuguvugu, ngoja iteleze yenyewe kutoka kwa karatasi, usiikwangue na kucha. Ikishakaa, sukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni na pamba. Waulize mafundi wa stika za matatu, wao wananyunyiza maji ya sabuni na kusukuma hivyo hivyo. Kama namba za kwenye boksi ni za kikosi kilichokuwa Ufaransa, ziache. Tumia yale maduara tu.

Mwisho vanishi ya kufifia, na vumbi. Ndovu wa Tsavo ni wekundu sababu ya udongo huu, sasa ndege ya kitambaa ingebaki safi aje? Chunga udongo wa nje ya mlango wako na soksi kuukuu, upake kidogo kwa magurudumu na chini ya tumbo. Hakuna duka Ulaya litakuuzia hiyo rangi.

Najua mtu atakuja kwa komenti kuniambia napamba ndege ya mkoloni. Swali ni poa, na silikwepi. 1915 hiyo hiyo, Waingereza waliwahamisha watu wa Kasigau hadi Malindi, wakiwashuku kwamba wamesaidia Wajerumani. Na mizigo ya hiyo vita ilibebwa na Waafrika kwa kichwa na mgongo. Jina la Kariokor kule Nairobi limetoka kwao, Carrier Corps. Nenda makaburi ya vita hapa Voi usome majina ya wanajeshi kwa mawe. Wabebaji je? 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilikiri kwamba Waafrika wengi mno waliokufa hawakuandikwa majina popote.

Kwa hivyo nataka hilo duara likae wazi kabisa, bluu, nyeupe, nyekundu, mtu akiliona aulize ni ya nani na ilikuja kufanya nini kwetu. Spitfire kwa kabati haiulizwi chochote. Lakini weka ndege yenye vumbi la hapa mbele ya nyanya yako, umwambie iliruka Mbuyuni, halafu unyamaze usikilize.

Yangu naizungushia wabebaji. Kwa 1/72 mtu mzima ni kama sentimita mbili na nusu, nawachonga kwa waya na gundi. Wako kumi na mbili hadi sasa, na ndege ni moja.