KIBODI YA STAA SIYO YA VIDOLE VYAKO: KABLA HUJATUMA HELA, PITA HAPA KWANZA

Kama unashinda mtandaoni na hujakutana na zile video za kibodi, basi bando lako linaliwa na mtu mwingine. Mkono mmoja, kucha zimepakwa safi, taa za zambarau zinawaka kwa chini, halafu tok tok tok tok, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Hakuna anayeandika kitu cha maana kwenye zile video. Ukichungulia kioo unakuta kachapa "asdfasdf" mistari mitatu. Lakini watu wanaangalia mpaka mwisho, na mimi naangalia.

Sasa mchekeshaji wetu mmoja maarufu, jina kapuni, naye kaingia kwenye huo mchezo. Kaposti kibodi yake nyeupe na waridi, vitufe vingine vina umbo la nyayo za paka, akasema imemtoka kodi ya geto ya miezi sita, na chini yake kaweka linki ya duka na namba ya punguzo. Madogo wakaanza kuulizana wanaagizaje. Hakusema kama duka limemlipa. Hakusema ndani kuna swichi za aina gani. Hakusema kama zinachomoka au zimechomelewa. Alisema tu, "Jipeni raha, maisha mafupi."

Sina ugomvi naye. Mtu akipata chake ale. Tatizo langu ni kwamba huyu jamaa kazi yake ni kuchekesha, kibodi kwake ni pambo la mezani. Wanaomfuata wengi si hivyo. Kuna dogo wa chuo ana ripoti ya kurasa 60. Kuna mtu anaweka maandishi chini ya video za watu na analipwa kwa dakika. Kuna dada wa steshenari anachapa barua za maombi ya kazi kuanzia asubuhi mpaka jioni, kibodi yake imefutika herufi mpaka mteja akikaa pale haoni kitu. Kwa hao kibodi ni jembe. Na jembe hulichagui kwa rangi ya mpini.

Tuanze na kilichomo ndani, maana hapo ndipo watu wanapopigwa. Kibodi ya kawaida, ile iliyokuja na kompyuta ya ofisini, ndani ina shiti moja ya mpira iliyotandazwa chini ya vitufe vyote. Unabonyeza kitufe, kitufe kinabonyeza mpira, mpira unagusanisha karatasi mbili za plastiki zilizochorwa njia za umeme. Ikifa sehemu moja, kibodi nzima ni ya kutupa. Kibodi ya kimekanika kila kitufe kina swichi yake peke yake: kijumba cha plastiki, kijiti katikati, springi, na vipande viwili vya chuma vinavyokutana unapobonyeza. Si teknolojia ya juzi wala ya wacheza gemu. Ile IBM Model M ya mwaka 1985 ilikuwa na springi chini ya kila kitufe, na hadi leo kuna watu wanazitumia kazini.

Halafu kuna mtego wa mjini. Utaona boksi limeandikwa kwamba kibodi ina "hisia ya kimekanika". Hisia! Hiyo ni ya mpira iliyovalishwa taa. Ukiwa dukani omba kuchomoa kifuniko cha kitufe kimoja. Ukiona msalaba mdogo wa plastiki usishangilie haraka, kuna za mpira nazo wameziwekea msalaba. Angalia kama chini yake kuna kijumba kamili cha swichi kinachojitegemea. Muuzaji akikwambia "usichomoe, itaharibika", mshukuru na uendelee na safari yako.

Sasa rangi. Kampuni ya Ujerumani inayoitwa Cherry ndiyo iliyotoa swichi za MX miaka ya 1980, na hizo ndizo karibu kila mtu anaziiga. Hataza ilipokwisha, viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vikamwaga za kwao sokoni, na ndiyo maana bei zimeshuka mpaka mimi na wewe tunazungumzia habari hizi. Kwa mpango wa Cherry, nyekundu inashuka moja kwa moja bila kikwazo na inataka nguvu ya kama gramu 45. Kahawia ina kakigingi kadogo njiani, kidole kinajua kwamba herufi imeshika. Bluu ina kigingi na mlio wa kubofya, na ni nzito kidogo, kama gramu 60. Kitufe kinasafiri milimita 4 kwenda chini na herufi inashika karibu na ya pili, kwa hiyo huhitaji kugonga kama unapiga ngoma. Viwanda vingine vina rangi zao, njano ya Gateron kwa mfano inashuka laini kama nyekundu na haiumizi mfuko. Usinunue rangi kwa jina tu, uliza inafanyaje kazi.

Na hapa nina maoni makali kidogo: swichi za bluu zisiuzwe kwa mtu anayelala chumba kimoja na mwenzake. Nasema kwa mapenzi. Wengi wetu tunaishi geto la kushea. Mwenzako anaamka saa kumi alfajiri kuwahi usafiri, wewe saa saba usiku uko ka-cha ka-cha ka-cha unamalizia kazi. Urafiki wa miaka mitano unavunjika kwa springi. Kuna mtangazaji mmoja, naye jina kapuni, ana kipindi chake cha mazungumzo mtandaoni, na kila mgeni akianza kufunguka mambo mazito unasikia kwa nyuma jamaa anachapa swali lijalo na bluu zake. Mgeni analia, kibodi inacheka. Jamani, hata kahawia tu ingetosha.

Ila hayo ya rangi kila video inayasema. Ambalo sijaona mtu analisema ni kwamba ushauri wote ule umetengenezwa kwa mtu anayechapa Kiingereza. Sisi hatuchapi hivyo. Chukua sentensi ya darasa la pili, "Baba alinunua kanga". Ina herufi 17, na 6 kati yake ni A. Kwenye Kiingereza herufi inayorudi zaidi ni E, na inabonyezwa na kidole cha kati, kidole chenye misuli. Yetu ni A, na iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, yule mnyonge wa familia. Ukichapa Kiswahili siku nzima, huyo ndiye anayebeba nyumba. Wakati huohuo Q na X wamekaa tu kama wapangaji wasiolipa, kazi yao ni manenosiri na kukata maandishi.

Kwa hiyo mtu wa kuchapa Kiswahili anafaidi kitu ambacho yule mchekeshaji hakukitaja kabisa: soketi. Kuna kibodi ambazo swichi zake zimechomelewa kwa risasi kwenye bodi, na kuna ambazo unachomoa na kuchomeka kwa mkono kama betri ya rimoti. Hiyo ya pili ndiyo ninayoitetea hapa, taa baadaye. Chini ya A unaweka swichi nyepesi, kwingine unaacha za kawaida. Swichi ikianza kuandika "baaba" badala ya "baba", unabadilisha hiyo moja. Vumbi la mji huu na vikombe vyetu vya chai tunavyoweka pembeni ya kompyuta, swichi moja moja zitakufa tu, swali ni kama zitakufa peke yake au zitaondoka na kibodi nzima.

Angalizo, maana wauzaji hapa wanacheza. Modeli moja inaweza kuwa na matoleo mawili, moja la soketi na moja la kuchomelewa, na kwa nje zinafanana kama mapacha. RK61 ya Royal Kludge, ile ndogo ya vitufe 61 ambayo madogo wengi wanaanza nayo, imetoka kwa namna zote mbili. Uliza kabla ya kutuma hela, na uulize kwa maandishi. Baadhi ya kibodi za bei nafuu pia zina soketi nyembamba zinazokubali miguu ya Outemu tu, ukileta swichi nyingine haziingii. Na ukinunua swichi za miguu 5 wakati bodi yako ni ya miguu 3, usilie: ile miwili ya pembeni ya plastiki inakatwa na kikata kucha. Unapochomeka, hakikisha miguu ya chuma imenyooka na usukume wima. Ukilazimisha inapinda, na ukizidi kulazimisha unang'oa soketi, hapo sasa unamtafuta fundi simu.

Kuhusu ukubwa sitachukua muda. Zile ndogo za 60% ni nzuri kwa picha na meza finyu, ila hazina mishale wala safu ya F juu, unashika vitufe viwili kupata kimoja. Anayehariri maandishi marefu atazichukia ndani ya wiki. Chukua 75%, au ile ya vitufe 87 isiyo na namba pembeni. Mhasibu achukue kamili, asidanganywe na mtu.

Vifuniko navyo viko vya plastiki mbili kubwa, ABS na PBT. ABS inang'aa mapema kwa jasho la vidole, na kwa mtu wa Kiswahili A itang'aa kabla ya wenzake kama kipara cha mjomba. PBT inavumilia zaidi. Nyayo za paka ni tamu kwa macho, lakini jaribu kuchapa nazo kurasa tatu uniambie.

Haya, ule mlio sasa, maana najua ndio uliokuleta. Mlio wa kwenye video si wa kibodi peke yake. Kuna maikrofoni nzuri imewekwa karibu, kuna mkeka mnene chini, kuna meza ya mbao nzito, na mara nyingi kuna mtu kakaa jioni nzima anapaka grisi swichi moja baada ya nyingine. Ukiitoa kwenye boksi na kuiweka juu ya meza ya plastiki haitalia hivyo. Hujauziwa feki, umeuziwa video.

Lakini unaweza kuisogeza pale kwa hela ndogo. Fungua kibodi, weka sponji jembamba kati ya bodi na tumbo lake. Nyuma ya bodi bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, mistari miwili au mitatu, inapunguza ukali wa sauti kiasi ambacho utashangaa. Kile kitufe kirefu cha nafasi kikitoa mlio wa kopo, tatizo ni kale kawaya kanakokishikilia chini, kapake grisi kidogo kwenye ncha. Wenye subira wanafungua swichi zenyewe na kupaka Krytox 205g0 kwa brashi ndogo, kiasi cha kulainisha tu. Za bluu usizipake, utaua mlio uliozilipia. Na tafadhali, siyo mafuta ya nazi, siyo ya kupikia, siyo ya baiskeli.

Kingine kitamu ambacho hakionekani kwenye picha: kuna kibodi zinazokubali kupangwa upya kwa programu za QMK na VIA, Keychron V ni mojawapo. Caps Lock, ambayo kazi yake kubwa siku hizi ni kugombana na watu kwenye magrupu, unaweza kuigeuza iandike ng' kwa mguso mmoja. Ng'ombe, ng'oa, ng'aa, vyote bila kutafuta kile kialama pembeni. Na kama huna kompyuta, chukua yenye Bluetooth, inashika hata kwenye simu ya Android. Nimeona dogo kaegemeza simu kwenye kikombe anaandika hadithi ndefu kuliko tunazoandika sisi wenye laptopu.

Watakuja wa kusema, "Si hela yake, nunueni mnachotaka." Ni kweli. Mtu akitaka kibodi ya waridi kwa sababu inamfurahisha, hiyo ni sababu tosha, mbona hatuulizani kuhusu viatu. Lakini staa akiweka linki na namba ya punguzo, hayo ni matangazo, na neno "tangazo" lina herufi 7 tu, kwa kibodi ile nzuri hata sekunde mbili haziishi. Aliandike. Dogo anayetoa hela ya chakula cha mwezi ana haki ya kujua kama anashauriwa au anauziwa.

Kwa dada wa steshenari na wenzake wote ambao kibodi ya soketi tayari wanayo ila swichi za akiba hawana: siku A ikigoma na mteja amesimama pale na barua yake, chomoa swichi ya Q, ichomeke kwenye A, ile mbovu irudishe kwa Q, uendelee na kazi. Mpaka jioni hakuna atakayegundua, labda mteja awe anaitwa Queen.